Spicer-Simson: Afisa aliyepitisha mashua mbili za vita Lubumbashi hadi Ziwa Tanganyika

Fundi anayefumua injini ya mashua au ya pikipiki kule Naviundu, mjini Lubumbashi, anajua kwamba kazi haiishi siku ya kukaza bolti ya mwisho. Injini iliyofungwa upya huwashwa polepole na kusikilizwa. Kabureta hurekebishwa mpaka moshi utulie, na saa za kwanza injini hailazimishwi. Mwaka 1915, mashua mbili zenye injini za esansi zilipita mji huu, wakati huo ukiitwa Elisabethville, zikiwa juu ya gari moshi. Kiongozi wao, Geoffrey Spicer-Simson, alikuja kupata siku chache tu za kuzijaribu kabla ya kuingia vitani.

Spicer-Simson alizaliwa tarehe 15 Januari 1876 huko Hobart, kisiwa cha Tasmania. Alijiunga na jeshi la majini la Uingereza akiwa kijana wa miaka 14. Alifanya kazi China na kwenye mto Gambia, lakini hakupanda cheo haraka. Alikuwa mtu wa majivuno, mwenye michoro mwilini na hadithi nyingi kuhusu ushujaa wake. Novemba 1914, meli Niger ya kundi alilolisimamia ilizamishwa na Wajerumani karibu na pwani ya Uingereza, yeye akiwa nchi kavu. Baada ya hapo alibaki ofisini London.

Bahati yake ilitoka kwetu. Wajerumani ndio waliotawala Ziwa Tanganyika. Agosti 1914 waliishambulia na kuiharibu Alexandre Delcommune, meli ya Wabelgiji. Walikuwa na meli ndogo Kingani na Hedwig von Wissmann, na huko Kigoma walikuwa wakiunda meli kubwa, Graf von Götzen, yenye urefu wa takriban mita 70. Mwindaji mmoja wa tembo, John Lee, alipeleka wazo London: mashua ndogo zenye kasi zisafirishwe kwa meli hadi Afrika Kusini, kisha kwa reli na barabara mpaka ziwani. Spicer-Simson akapewa kazi hiyo kwa sababu maafisa wengine walikuwa vitani.

Mashua zilikuwa za mbao, zenye urefu wa mita 12 hivi. Kila moja ilikuwa na injini mbili za esansi, kila injini nguvu ya farasi 100. Alitaka kuziita Paka na Mbwa, wakubwa wakakataa. Akaziita Mimi na Toutou, majina ambayo watoto wa Kifaransa huwaita wanyama haohao, nao wakakubali.

Msafara uliondoka Uingereza Juni 1915, ukafika Cape Town mwanzoni mwa Julai, na Elisabethville tarehe 26 Julai. Mwanzoni mwa Agosti reli ikaishia Fungurume. Kutoka hapo hadi Sankisia zilibaki kilomita 235 hivi za pori na milima ya Mitumba, ambako njia ilipanda karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari.

Hapo ndipo jina la Spicer-Simson peke yake halitoshi kueleza kilichofanyika. Wakongomani walikata miti, walifungua barabara na kujenga madaraja zaidi ya 100. Magari mawili ya mvuke yalivuta mashua, na yalipokwama, ng'ombe na watu walivuta kwa kamba. Magari hayo yalikunywa maji mengi wakati wa kiangazi, na wanawake wa vijiji walibeba maji hayo kichwani. Vitabu vya safari hiyo vimejaa majina ya maafisa, lakini majina ya wabebaji hao hayakuandikwa.

Mashua zilifika Sankisia tarehe 28 Septemba. Zikapanda gari moshi hadi Bukama, zikashuka mto Lualaba hadi Kabalo, kisha reli tena mpaka ziwani, mahali ambapo leo ni Kalemie. Ilikuwa mwisho wa Oktoba.

Mimi iliingia majini tarehe 22 Desemba na Toutou siku iliyofuata. Injini zilikuwa zimekaa miezi sita zikitikiswa njiani, kwenye vumbi na joto. Zaidi ya hayo, zilikuwa zimejaribiwa mara ya mwisho kwenye mto Thames, karibu na usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu yake. Fundi anaelewa maana yake: hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyopangwa chini hutoa esansi nyingi kuliko inavyohitajika kwa hewa hiyo. Moshi unakuwa mweusi, plagi zinachafuka, nguvu inapungua. Majaribio ya ziwani yalifanyika mkesha wa Krismasi.

Tarehe 26 Desemba Kingani ilionekana karibu na pwani. Mzinga wake ulitazama mbele tu, hivyo ushindi ulitegemea kuikimbilia kutoka nyuma. Injini hazikuzimika. Mapigano yalidumu dakika 11 hivi, nahodha wa Kijerumani akauawa na meli ikatekwa. Ilitengenezwa upya na kuitwa Fifi. Tarehe 9 Februari 1916, Mimi ilitumia kasi yake kuichelewesha Hedwig von Wissmann mpaka Fifi ikafika na kuizamisha.

Baada ya hapo ujasiri ulipungua. Graf von Götzen ilipotokea kesho yake, Spicer-Simson alikataa kuishambulia. Juni 1916, kule Bismarckburg, leo Kasanga nchini Tanzania, hakuishambulia ngome na Wajerumani wakatoroka kwa majahazi. Akarudishwa Uingereza akiwa mgonjwa. Alipewa nishani na Waingereza na Wabelgiji, lakini hakupewa tena kuongoza vitani. Mwaka 1919 alikuwa mkalimani kwenye mkutano wa amani wa Versailles, kisha katibu mkuu wa ofisi ya kimataifa ya upimaji wa bahari huko Monaco kuanzia 1921 hadi 1937. Alifariki Canada tarehe 29 Januari 1947.

Graf von Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na tangu 1927 imeitwa Liemba. Wasafiri wengi wa Ziwa Tanganyika wameipanda kwa jina hilo. Mashua za esansi zilizovutwa na watu wa Katanga kupita Mitumba hazikuwahi kupigana nayo.