Sir Albert Howard na Elimu ya Mboji: Funzo kwa Mashamba ya Garsen

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili huufahamu Mto Tana zaidi kupitia visakale vya Fumo Liyongo. Kwa mkulima wa Garsen, hata hivyo, mto huo kwanza ni rutuba. Tangu jadi, mafuriko ya masika na ya vuli yaliacha tope kingoni, nao Wapokomo wakapanda mpunga, mahindi na migomba juu ya tope hilo pasipo kununua mbolea. Mabwawa yaliyojengwa mkondo wa juu, hususan Masinga lililokamilika mwaka wa 1981, yalipunguza mafuriko hayo na kuzuia sehemu kubwa ya tope. Je, mto usipoirudishia ardhi chakula chake, nani atairudishia? Swali la namna hii ndilo lililotawala maisha ya Sir Albert Howard.

Howard alizaliwa mwaka wa 1873 huko Shropshire, Uingereza, katika familia ya wakulima. Baada ya masomo ya sayansi London na Cambridge, alikwenda visiwa vya Karibi mwaka wa 1899 akiwa mtaalamu wa kuvu. Huko alitatizwa na jambo moja: alitakiwa kuwashauri wakulima kuhusu maradhi ya mimea, ilhali yeye mwenyewe hakuwa na shamba la kuyajaribia mawaidha yake.

Mwaka wa 1905 aliajiriwa na serikali ya kikoloni huko Pusa, India, ambako alipata shamba la kufanyia majaribio. Mwaka uo huo alimuoa Gabrielle Matthaei, mtaalamu wa mimea aliyekuwa mshirika wake katika utafiti hadi alipofariki mwaka wa 1930. Jambo la kustahiwa katika sera ya Howard ni kwamba aliwachukua wakulima wa kienyeji kuwa walimu wake. Aliona kuwa mashamba yao yalistahimili wadudu na maradhi bila dawa, akaanza kuichunguza siri ya udongo wao.

Kati ya mwaka wa 1924 na 1931 aliongoza taasisi ya utafiti mjini Indore. Huko, akisaidiwa na Yeshwant Wad, alikamilisha njia ya kutengeneza mboji iliyopewa jina la mji huo. Masalia ya mimea hupangwa kwa matabaka pamoja na samadi, udongo uliolowa mkojo wa mifugo na jivu. Biwi hutiwa maji, hupinduliwa mara kadhaa, na baada ya miezi mitatu hivi mboji huwa tayari.

Umuhimu wa kazi hiyo unaeleweka tukitazama yanayotukia ndani ya udongo. Majani makavu ya mpunga yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo. Yakifukiwa yalivyo, bakteria na kuvu wanaoyaozesha huichukua naitrojeni ya udongoni kwa matumizi yao, na mazao yakabaki manjano kwa njaa. Ndani ya biwi, uwiano wa takriban 30 za kaboni kwa 1 ya naitrojeni hushuka hadi kukaribia 10 kwa 1. Hapo mboji huanza kutoa naitrojeni, fosforasi na potasiamu polepole, huku ikiushikamanisha udongo na kuhifadhi maji.

Elimu hiyo haikuchelewa kufika Kenya. Mnamo mwaka wa 1933, shamba la kahawa la Kingatori, karibu na Nairobi, lilianza kuitumia njia ya Indore. Howard alitunukiwa cheo cha Sir mwaka wa 1934, na mwaka wa 1940 akachapisha kitabu chake mashuhuri, An Agricultural Testament. Alifariki mwaka wa 1947, akiwa bado anabishana na wapenzi wa mbolea za viwandani.

Katika mabishano hayo Howard alipita kiasi. Utafiti wa baadaye umeonyesha kuwa mboji ya mimea aghalabu huwa na fosforasi kidogo, na kwamba udongo uliochoka sana huweza kufaidika zaidi mboji inapotumiwa pamoja na kiasi cha mbolea ya viwandani. Hata hivyo, kanuni yake ya msingi, kwamba kilichotoka ardhini hakina budi kurejeshwa ardhini, haijatanguka.

Garsen ina malighafi ya kutosha: mabua, makapi ya mpunga, vigogo vya migomba na samadi ya ng'ombe wa Waorma. Hata mathenge, mti ulioletwa ukageuka janga la malisho, ni wa jamii ya kunde na majani yake yana naitrojeni nyingi. Yafaa yaozeshwe kwanza, na maganda yenye mbegu yatengwe, isije mboji ikaueneza mti wenyewe. Aidha, mkulima na mfugaji, ambao wamewahi kumwaga damu wakigombea ardhi na maji, hapa wanahitajiana: mmoja ana mabua, mwingine ana samadi.

Sisi wa Kiswahili tusidhani kuwa haya hayatuhusu. Maneno mboji, samadi na rutuba tayari tunayo. Howard alijifunza kwa kuwasikiliza wakulima. Nasi tuendapo Tana kukusanya nyimbo na visakale, tuyarekodi pia maarifa ya Wapokomo kuhusu udongo wao, kabla hayajapotea kama lilivyopotea tope la mto.