SAAD BIN ABI WAQQAS (R.A.): FUNDI WA MISHALE, NA SOMO LA UPINDE WA MTOTO

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Amma baad.

Sisi wa Emali tunaishi katika nchi ya upinde. Wakamba wamesifika kwa uta na mishale tangu enzi za misafara ya pembe, na wavulana wao walianza kulenga wangali wadogo. Mpaka leo mtoto akipata kijiti na kamba, kazi yake ya kwanza ni kutengeneza uta. Na Ramadhani hii, mtoto anapouliza kila baada ya dakika tano kama magharibi imefika, mzazi hutafuta la kumshughulisha. Basi mpe upinde. Lakini kabla ya kumpa, hebu tumjue sahaba ambaye kuchonga mishale ndiyo iliyokuwa kazi ya mikono yake.

KUZALIWA NA KAZI YAKE

Saad bin Abi Waqqas (R.A.) alizaliwa Makka. Baba yake jina lake halisi ni Malik, wa ukoo wa Bani Zuhra katika Maquraish. Huo ndio ukoo wa Bi Amina, mama yake Mtume (S.A.W.), na kwa sababu hiyo Mtume alikuwa akimtambulisha Saad kama mjomba wake, kwa fahari kabisa.

Ujana wake aliutumia akichonga mishale. Hii si kazi ya mtu mwenye haraka. Fimbo ikiwa na kombo hata kidogo, mshale hauendi unakotumwa. Allah alimwandalia ufundi huo kabla hajajua utamfaa wapi.

KUSILIMU KWAKE NA MTIHANI WA MAMA

Alisilimu akiwa na miaka kama 17, miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa. Mama yake, Hamna, akakasirika. Akaapa kwamba hatakula wala kunywa mpaka mwanawe aache dini hii, na akifa watu wamseme Saad kuwa ndiye aliyemuua mama yake.

Vijana wenzangu, hebu fikirieni mtihani huo. Saad alikuwa akimpenda mama yake sana. Hakumtukana, hakumpigia kelele, hakumkimbia. Alimwambia kwa upole lakini bila kuyumba kwamba hata angekuwa na roho mia zikatoka moja moja, yeye hataacha dini. Mama alipoona hivyo, akala. Wanazuoni wanatueleza kwamba kisa hiki kinahusiana na aya za Suratul Luqman na Al-Ankabut zinazotuamrisha kuwafanyia wema wazazi, lakini tusiwatii wanapotuamrisha kumshirikisha Allah.

MSHALE WA KWANZA

Katika mwaka wa kwanza wa Hijra (623), Mtume (S.A.W.) alituma kikosi kidogo upande wa Rabigh chini ya Ubayda bin al-Harith (R.A.). Huko Saad alirusha mshale, na huo ukawa mshale wa kwanza kurushwa katika njia ya Allah. Alilitaja jambo hilo mpaka uzeeni.

Mwaka uliofuata, tarehe 17 Ramadhani, ikaja Badr. Mdogo wake Umayr, kijana wa miaka 16, alijificha nyuma ya watu asije akarudishwa nyumbani. Mtume (S.A.W.) alipomwona alimrudisha, kijana akalia, ndipo akaruhusiwa. Saad mwenyewe ndiye aliyemfunga mkanda wa upanga kwa sababu alikuwa mdogo hajui kuufunga. Umayr hakurudi, alikufa shahidi siku ile.

Siku ya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra (625), wapigaji mishale 50 waliwekwa juu ya kilima wakaambiwa wasiondoke. Wengi wao walipoona ushindi walishuka kufuata ngawira, na mambo yakageuka. Saad alisimama karibu na Mtume (S.A.W.), naye Mtume akimpa mishale kwa mkono wake na kumwambia arushe, huku akimtajia baba yake na mama yake kuwa fidia kwake. Katika watu wa nyumba hiyo hiyo, siku hiyo hiyo, Utba, ndugu yake Saad, alikuwa upande wa makafiri, na ndiye aliyempiga Mtume kwa jiwe akamvunja jino. Baba mmoja, nyoyo mbali mbali.

TUMTENGENEZEE MTOTO UPINDE

Imepokewa kwamba kwa mshale mmoja Allah huwaingiza watu watatu Peponi: aliyeuchonga kwa nia ya kheri, aliyeurusha na aliyemkabidhi mrushaji. Basi fundi ana fungu lake. Nasi tuanze hivi.

Kwanza mti. Mkole unafaa, kwani unapinda bila kukatika upesi. Kata tawi lililonyooka, lisilo na vifundo vingi, unene wa kidole gumba cha mtu mzima, na urefu wa kumfika mtoto kidevuni. Usiangushe mti mzima kwa ajili ya tawi moja. Liache likauke kivulini wiki mbili au tatu. Ukilianika kwenye jua letu hili litapasuka.

Pili kuchonga. Simamisha ncha moja chini, sukuma katikati taratibu, uone tawi lenyewe linapenda kupinda upande gani. Upande wa nje, unaotazama shabaha, ni mgongo. Huo usiuguse kwa kisu, maana nyuzi za mti zikikatwa pale upinde utavunjika. Chonga tumbo tu, upande unaomwelekea mtoto. Pa kushika katikati paache na unene wake, kisha punguza kidogo kidogo kuelekea ncha zote mbili. Kila ukichonga, pinda utazame. Palipo pagumu ongeza kuchonga, palipo laini paache, mpaka pande mbili zipinde sawasawa. Hapa ndipo wengi huharibu kwa haraka. Ukishapunguza huwezi kurudisha.

Tatu kamba. Toboa pengo dogo ubavuni mwa kila ncha, funga kamba ya katani iliyosokotwa vizuri au ya nailoni. Kati ya kamba na pa kushika ibaki nafasi ya ngumi iliyoinuliwa kidole gumba. Paka mti mafuta ya kula. Mwonye mtoto asivute kamba na kuiachia bila mshale, kwani upinde utapasuka. Akimaliza kucheza, fungua kamba, upinde upumzike.

Mishale iwe vijiti vyepesi vilivyonyooka, ncha butu, imefungwa kitambaa kigumu. Hakuna chuma, na mambo ya sumu ya mishale yasitajwe hata kwa mzaha. Shabaha iwe gunia lililojazwa nyasi, nyuma yake pawe na ukuta au kichuguu, na mtu mzima awepo.

ADABU KABLA YA SHABAHA

Mtume (S.A.W.) aliwapenda wenye kujifunza kulenga. Aliwapita watu wa kabila la Aslam wakishindana, akawahimiza na kuwakumbusha kwamba babu yao Ismail (A.S.) alikuwa mrushaji mishale. Lakini ameweka mipaka. Anayepita na mishale msikitini au sokoni azishike ncha zake asimdhuru Muislamu. Hebu fikiria soko la Emali siku ya mnada, Mkamba na Mmaasai, mbuzi na ng'ombe, kila mtu anapita. Na amekataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha. Kwa hiyo si kuku wa jirani, si mjusi, si ndege aliye kwenye kiota. Mwambie mtoto maneno haya ukiwa bado unachonga, siyo baada ya jicho la mtu kutoboka.

UONGOZI WAKE

Zama za Umar (R.A.), Saad aliongoza jeshi la Qadisiyya, karibu mwaka 636. Alikuwa mgonjwa wa majipu, hawezi kupanda farasi, akaongoza vita kutoka juu ya ngome. Mwaka uliofuata akaingia Madain, mji mkuu wa wafalme wa Fursi, na baadaye akaujenga mji wa Kufa. Watu wa Kufa walimshtaki, wakasema ati hata sala haswalishi vizuri! Umar akamwondoa, lakini kabla ya kufa alimtaja katika watu sita wa kuchagua khalifa, akaeleza kwamba hakumwondoa kwa udhaifu wala kwa khiyana.

ALIPOUWEKA UPINDE CHINI

Baada ya kuuawa Uthman (R.A.) mwaka 656, Waislamu wakapigana wao kwa wao. Watu wakamfuata Saad wakitaka asimame upande wao. Akakataa. Aliwajibu kwamba hatapigana mpaka aletewe upanga wenye macho na ulimi, unaoweza kumtambua Muumini na kafiri. Akabaki na mifugo yake nje ya Madina. Mtu aliyerusha mshale wa kwanza katika Uislamu hakurusha hata mmoja kwa ndugu zake.

Jamani, hili linatuhusu. Mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 tuliona katika nchi yetu vijana wakiwinda majirani kwa pinde na mishale kwa ajili ya kura. Mikono yao ilijua kulenga. Hawakufundishwa lini waache.

Wala mtu asidhani kwamba busara hurithiwa kama shamba. Saad aliwafundisha watoto wake dua ya kujikinga na woga na ubakhili kama mwalimu anavyofundisha kuandika. Binti yake Aisha na wanawe Mus'ab na Amir wakawa wapokezi wa hadithi. Lakini mwanawe mwingine, Umar, kwa tamaa ya ugavana wa Rayy, aliongoza jeshi lililomzunguka Hussein (R.A.) Karbala mwaka 680, na wanahistoria wameandika kwamba yeye ndiye aliyerusha mshale wa kwanza siku ile. Mshale wa baba ulimlinda Mtume, wa mwana ukaelekezwa kwa mjukuu wake. Mzazi hufundisha, na humwombea mwanawe kila usiku.

KUFARIKI KWAKE

Saad alifariki al-Aqiq, karibu na Madina, mwaka wa 55 wa Hijra kwa kauli mashuhuri, wa mwisho kufa katika wale kumi waliobashiriwa Pepo. Alikuwa ameacha mali, lakini aliomba akafiniwe kwa juba kuukuu la sufi alilolivaa siku ya Badr. Akazikwa Baqii.

Basi ndugu yangu, chonga upinde huo na mwanao kabla ya futari. Msimulie Saad mnapochonga: alivyolenga, na alivyokataa kulenga. Allah atujaalie watoto wema, na azipokee saumu zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.