Emlen Tunnell: Beki Aliyeshuka Kwenye Lori la Ndizi

Kaa kwenye banda lolote la mpira jioni ya Jumamosi usikilize majina yanayotajwa. Ni wafungaji watupu. Beki akitajwa ujue amekosea. Basi safari hii naomba tumzungumzie beki, tena wa mchezo ambao wengi wetu hapa chuoni tunauona kwenye filamu tu: futiboli ya Kimarekani, ule wa mpira wenye umbo la yai na wachezaji waliovaa helmeti. Anaitwa Emlen Tunnell.

Alizaliwa Bryn Mawr, Pennsylvania, katikati ya miaka ya 1920, akakulia Garrett Hill, kitongoji kisicho mbali na Philadelphia. Mwaka 1942 alijiunga na Chuo Kikuu cha Toledo, Ohio. Msimu wake wa kwanza haukufika mbali, kwa sababu alivunjika shingo uwanjani. Shingo, siyo kidole! Madaktari wakamwambia futiboli basi. Jamaa akakubali kwa nusu tu. Miezi michache baadaye alikuwa na timu ya chuo ya mpira wa kikapu, iliyofika fainali ya mashindano ya NIT ya mwaka 1943.

Wakati huo Marekani ilikuwa vitani. Tunnell alikwenda kujiandikisha jeshini, wakamkataa kwa sababu ya ile shingo. Wanamaji nao wakamkataa. Waliompokea ni Walinzi wa Pwani, na huko akapewa kazi ya uhudumu melini, kazi ambayo vijana weusi wengi wa wakati ule walisukumiwa. Aprili 1944 meli yake, Etamin, ilikuwa Milne Bay, New Guinea, ikashambuliwa kwa torpido ya Wajapani. Mwenzake mmoja akashika moto. Tunnell aliuzima moto ule kwa mikono yake mwenyewe, akaungua, akambeba mwenzake hadi mahali pa usalama. Mwaka 1946, karibu na Newfoundland, mwenzake mwingine alitumbukia kwenye maji ya baridi kali. Tunnell akajitosa na kumwokoa. Vita ilikuwa imekwisha, na hakuna medali aliyopewa kwa lolote kati ya hayo mawili.

Baada ya jeshi alirudi masomoni, safari hii Chuo Kikuu cha Iowa, na futiboli akairudia. Mwaka 1948 akaacha chuo kabla ya kumaliza. Hapa sitaki tudanganyane kwamba kuacha chuo ni ushujaa. Hakuwa na shahada, na hakuna timu ya kulipwa iliyokuwa imemchagua. Tena ligi yenyewe, NFL, ilikuwa imepitisha misimu 12, kuanzia 1934 hadi 1945, bila kuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Mlango ulifunguliwa kidogo mwaka 1946, na timu ya New York Giants ilikuwa bado haijamsajili mtu mweusi tangu ianzishwe.

Tunnell akaomba lifti kuelekea New York. Sehemu ya mwisho ya safari alipanda lori lililobeba ndizi. Akashuka, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Giants, akaomba ajaribiwe. Hakuwa na barua ya utambulisho wala mjomba ndani ya ofisi ile. Mmiliki wa timu, Tim Mara, alimsikiliza, na kijana akaondoka na mkataba. Ndivyo Giants walivyompata mchezaji wao wa kwanza mweusi.

Kwa wasioujua mchezo: timu inayoshambulia ina mrushaji, ambaye hutupa mpira mbali ili mwenzake audake akikimbia. Tunnell alikaa nyuma kabisa ya ulinzi. Kazi yake ilikuwa kusoma mpira unakwenda wapi kabla haujarushwa, afike, na ikiwezekana audake yeye. Akiudaka tu, timu yake ndiyo inayoanza kushambulia. Mabeki wengi waliridhika kuupangua mpira uanguke chini. Tunnell aliutaka mkononi, kisha akimbie nao.

Mwaka 1950 kocha Steve Owen alipanga ulinzi uliopewa jina la mwavuli, kwa sababu ukiuangalia kutoka juu mabeki walijipanga kama mwavuli uliofunguliwa. Tunnell alikuwa mmoja wa walioushikilia, pamoja na Tom Landry, ambaye baadaye alikuja kuwa kocha maarufu wa Dallas Cowboys. Msimu huohuo Giants waliwafunga Cleveland Browns 6-0. Browns hawakuwahi kumaliza mechi bila pointi tangu timu yao ianze.

Lakini mwaka wa kukumbuka zaidi ni 1952. Tunnell alikimbia na mpira jumla ya yadi 924, kwa kuudaka kutoka kwa wapinzani au kuupokea ulipopigwa kuelekea kwao. Mshambuliaji aliyeongoza ligi nzima kwa kukimbia na mpira mwaka ule, Dan Towler, alipata yadi 894. Soma tena hapo. Beki, ambaye kazi yake ni kuzuia, alikwenda mbali kuliko mtu aliyelipwa kwenda mbali. Watu wakaanza kumwita mashambulizi ndani ya ulinzi.

Giants walitwaa ubingwa mwaka 1956 baada ya kuwachapa Chicago Bears 47-7. Miaka mitatu baadaye Vince Lombardi, aliyekuwa kocha msaidizi hapo Giants, alipewa timu ya Green Bay Packers, akamchukua Tunnell. Umri ulikuwa umekwenda, ila kichwa bado kilifanya kazi. Msimu wake wa mwisho, 1961, Packers walikuwa mabingwa kwa kuwafunga Giants haohao 37-0. Alistaafu akiwa na mipira 79 aliyoidaka kutoka kwa wapinzani, rekodi ya ligi ambayo ilikuja kuvunjwa na Paul Krause mwaka 1979.

Baadaye alirudi Giants kutafuta vipaji, kisha akawa kocha msaidizi, wakati makocha weusi katika ligi ile walikuwa wa kuhesabika. Mwaka 1967 aliingizwa kwenye Jumba la Magwiji huko Canton, Ohio. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuingia humo, na wa kwanza kuingia kwa kazi ya ulinzi pekee. Julai 1975 moyo ulisimama akiwa kwenye kambi ya mazoezi ya Giants, iliyokuwa imewekwa katika Chuo Kikuu cha Pace, jimbo la New York.

Na wale wawili aliowaokoa? Walinzi wa Pwani walikuja kumpa medali ya fedha ya kuokoa maisha mwaka 2011, miaka 36 baada ya kufa kwake. Mwaka 2021 wakaipa meli yao ya doria jina lake, na meli hiyo ikapangiwa kituo Bahrain, huku Ghuba. Kijana aliyewekwa kuhudumu melini sasa jina lake limeandikwa ubavuni mwa meli.

Inapendeza, lakini haifuti deni. Medali ya 2011 hakuivaa yeye. Hata hapa kwetu wapo mabeki wa namna hiyo. Yule anayebaki usiku na mgonjwa zahanati ya chuo, au anayekusanya michango ya mwenzetu aliyefiwa na kurudisha hesabu mpaka shilingi ya mwisho. Tukimfahamu mmoja, tumtaje wakati bado anasikia.