Simeoni Nsibambi na Swali la Tamaa

Litajwapo jina la Salgaa, aghalabu msikilizaji hutabasamu au hukunja uso. Mji huo mdogo, ulio kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kuelekea Eldoret, hulaza malori ya masafa marefu yaendayo Uganda na Rwanda, na si haba wahubiri walioufanya kuwa mfano wa makao ya dhambi. Dereva huambiwa akimbie. Msichana hunyoshewa kidole. Lakini je, dhambi ina anwani? Swali hilo lilijibiwa zamani, mbele zaidi katika njia hiyo hiyo, na maisha ya Mganda mmoja.

Simeoni Nsibambi alizaliwa mwaka wa 1897. Alisoma katika shule za Mengo na Budo, akahudumu katika kikosi cha tiba cha Waafrika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, kisha akaajiriwa katika idara ya afya. Tamaa iliyomsumbua haikuwa ya pombe wala ya mwili. Alitamani kwenda ng'ambo kusoma, na aliponyimwa nafasi hiyo moyo wake ulijaa uchungu. Katika uchungu huo, mwaka wa 1922, alijiuliza iwapo masomo aliyoyalilia yalizidi thamani ya uzima wa milele. Jibu lake lilimbadilisha. Baadaye aliiacha kazi ya serikali akawa mhubiri mjini Kampala.

Walimu na wanafunzi wasidhani kwamba Nsibambi aliidharau elimu. Alichotambua ni kile alichokifundisha Agostino, askofu wa Afrika Kaskazini aliyefariki mwaka wa 430: kwamba hata kitu chema humpotosha mtu kinapokalia kiti cha Mungu. Cheti chaweza kuwa sanamu sawa na chupa.

Lugha yetu inatusaidia hapa. Katika Sala ya Bwana, Wakatoliki hutaja kishawishi na Waprotestanti hutaja majaribu. Neno la kwanza lamwonyesha mtu akivutwa. La pili lamwonyesha akipimwa. Wala kuvutwa wala kupimwa si dhambi, kwani mafundisho ya Kikristo husema Yesu mwenyewe alijaribiwa asitende dhambi. Dhambi huanza pale hiari inaporidhia.

Mnamo Septemba 1929, karibu na kanisa kuu la Namirembe, Nsibambi alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza aliyetoka Gahini, Rwanda, akiwa amechoka mwili na roho. Kwa siku mbili walisoma Biblia na kuomba pamoja, Mwafrika na mzungu, katika enzi ambayo usawa huo ulikuwa nadra. Katika miaka ya 1930 uamsho ukawaka Gahini, ambako Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alifanya kazi hadi kifo chake mwaka wa 1936. Mwaka wa 1937 ulifika Kabete, hapa Kenya. Waumini wake, Balokole, yaani waliookoka, walitubu hadharani, wakarudisha mali waliyoiba na kupatana na mahasimu wao.

Hata hivyo, njia hiyo ilikuwa na hatari yake. Toba ya hadharani yaweza kugeuka maonyesho, na aliyetubu kwa kishindo akamdharau aliyenyamaza. Hapo kiburi huingia kwa mlango ule ule uliotokea dhambi.

Ugonjwa ulimfungia Nsibambi nyumbani kwa miaka mingi, hadi alipofariki mwaka wa 1978. Aliacha desturi ya mtu kuanza na dhambi yake mwenyewe kabla ya kuihesabu ya jirani.

Desturi hiyo ndiyo inayokosekana tunapoizungumzia Salgaa. Msichana asimamaye barabarani usiku kwa kukosa chakula hasukumwi na tamaa. Anasukumwa na njaa, na mwenye kuyachanganya maneno hayo mawili huikosea lugha na huikosea Injili pia. Mwalimu auzaye mtihani na mwanafunzi aununuaye huenda wasikanyage Salgaa maishani mwao. Tamaa wanayo hata hivyo, tena imevaa tai na sare ya shule. Kwa nini basi mahubiri yetu yasianzie darasani?