MAISHA YA MUNGANGA SEMMELWEIS

Ignaz Semmelweis alizaliwa Buda, katika inchi ya Hungaria, tarehe 1 Julai 1818.

Mwaka 1846 alianza kazi katika hospitali kubwa ya muji wa Vienna. Mule mulikuwa maternite mbili. Katika ya kwanza walizalisha waganga na wanafunzi wao, katika ya pili wazalishaji tu. Mwaka ule, katika ya kwanza wamama 4010 walizaa, 459 wakafa. Katika ya pili walizaa 3754, wakafa 105. Wengi waliuawa na homa ya uzazi.

Wakubwa walisema ubaya uko katika hewa. Lakini zote mbili zilivuta hewa ile ile! Basi Semmelweis akalinganisha, akafuta sababu moja moja. Msongamano? Ya pili ilijaa zaidi: akafuta. Namna ya kulala? Akawalaza wamama ubavu, vifo havikupungua: akafuta.

Machi 1847 rafiki yake, munganga Kolletschka, alichomwa na kisu wakati wa kupasua maiti, akafa na ugonjwa uliofanana na ule. Hapo Semmelweis akaona: waganga wanatoka kwa maiti wanaenda kuzalisha, wazalishaji hapana. Mwezi wa Mei akaamuru kila mutu anawe mikono kwa maji ya chokaa ya klori. Aprili walikuwa wamekufa wamama 18 hivi katika 100. Julai, 1 tu.

Siku hizi, viwandani na hospitalini, watu wanafuata mzunguko wa hatua ine: kupanga, kujaribu, kupima, kisha kuimarisha. Tukilinganisha njia hizi mbili, ile ya kufuta inafaa kwa kupata sababu. Mzunguko unafaa ili dawa isipotee. Hii hatua ya ine ndiyo ilimushinda Semmelweis. Alichelewa kutoa kitabu mpaka 1861, na waliobisha aliwaandikia barua za matusi. Mwaka 1849 alikosa kazi yake Vienna. Alikufa tarehe 13 Agosti 1865, katika nyumba ya wagonjwa wa akili, na miaka 47. Wamama waliendelea kufa.

Basi, siku tumbo inauma wengi katika interna, tusikimbilie kusema ni hewa ao ulozi. Tuulize nani alikunywa maji gani, na nani hakunywa. Tukipata jibu, tuliandike na kulieleza kwa upole, ili wanaokuja nyuma yetu walishike.