Mama Marianne wa Molokai

Wasomaji wetu wengi walijua jina la Padre Damien, yule Mbelgiji aliyeishi na wakoma katika kisiwa cha Molokai, katika Bahari ya Pasifiki, hata akafa kwa ugonjwa wao mwaka 1889. Lakini mama aliyeipokea kazi yake wanaomjua ni wachache. Leo twapenda kuzisimulia habari zake.

Barbara Koob, ambaye jina la ukoo wake baadaye liliandikwa Cope, alizaliwa Heppenheim, Ujerumani, mwaka 1838. Wazazi wake walihamia Marekani angali mtoto mchanga, wakakaa Utica. Baba yake alipougua, binti huyo aliacha shule akaenda kufanya kazi kiwandani, apate kuwalisha wadogo zake. Tamaa yake ya utawa aliiweka moyoni miaka mingi. Baba alipofariki mwaka 1862, naye akiwa na miaka 24, ndipo alipoingia kwa Masista Wafransisko wa Syracuse, akaitwa Sista Marianne. Alipata sifa ya kuwa msimamizi hodari wa hospitali, na mwaka 1877 akachaguliwa kuwa Mama Mkuu wa shirika.

Mwaka 1883 ilimfikia barua iliyoandikwa kwa niaba ya mfalme wa Hawaii, kuomba masista wa kuwauguza wakoma. Mashirika zaidi ya hamsini yalikuwa yameombwa, yakakataa. Yeye alikubali. Alifika Honolulu mwezi Novemba mwaka ule ule pamoja na masista sita. Nia yake ilikuwa kuwaweka wenzake vizuri katika kazi, kisha arudi Syracuse. Hakurudi tena.

Ni kitu gani kilichomzuia? Katika hospitali ya Kakaako alikuta wagonjwa zaidi ya mia mbili wamesongamana mahali palipojengwa kwa watu mia moja tu. Uchafu ulikuwa mwingi, na msimamizi aliyewekwa na serikali aliwatendea wagonjwa ukatili. Mama Marianne hakulia wala hakukimbia. Aliifahamisha serikali kwamba ichague: ama msimamizi yule aondoke, ama masista warudi kwao. Serikali ikamkabidhi yeye hospitali. Mwaka 1885 alianzisha makao ya mabinti wazima wa wazazi wagonjwa, maana watoto hao hawakuwa na ukoma, lakini hapakuwa na mtu aliyethubutu kuwapokea. Na mwaka 1886 Padre Damien mwenyewe, sasa akiwa mgonjwa, alipofika Honolulu na watu wakamwogopa, Mama Marianne ndiye aliyempokea.

Sheria ya nchi ile tangu mwaka 1865 iliruhusu wakoma kukamatwa na kutengwa. Mume aliachanishwa na mke, mtoto na mama yake. Walipelekwa Kalaupapa, rasi ya Molokai, ambako mbele ni bahari na nyuma ni majabali marefu yaliyosimama kama ukuta. Mwezi Novemba 1888 Mama Marianne, mwenye miaka 50, alikwenda huko na masista wawili. Padre Damien alikuwa amebakiwa na miezi mitano tu ya kuishi. Mama alimwahidi kwamba atawatunza watoto wake, na neno lake akalitimiza. Wasichana na wanawake wasio na wa kuwalinda walipata nyumba yao. Walifundishwa kushona, walivaa nguo nzuri, na miti na maua vilipandwa katika ardhi iliyokuwa kame.

Wakati ule dawa ya ukoma haikuwapo. Silaha yake ilikuwa maji, sabuni na utaratibu: kunawa mikono kila mara, bila kuchoka na bila kudharau. Aliwaahidi masista wake kwamba hakuna hata mmoja wao atakayeambukizwa, na kweli hakuambukizwa hata mmoja. Alifariki huko huko tarehe 9 Agosti 1918, mwenye miaka 80. Mwaka 2012 Baba Mtakatifu Benedikto XVI alimtangaza kuwa Mtakatifu.

Ndugu wasomaji, twaogopa kuwasifu watakatifu kwa vifo vyao tu, tukasahau maisha yao. Mama Marianne hakufa kwa ukoma, lakini miaka 30 mfululizo aliamka asubuhi kufunga vidonda vile vile. Siku hizi ukoma una dawa inayouponya, na mgonjwa akiwahi kutibiwa huepuka ulemavu. Lakini hofu haitibiwi kwa vidonge. Ikiwa katika nyumba zetu yuko mgonjwa anayefichwa chumba cha nyuma, anayepewa chakula kwa mkono wa mbali, basi hiyo nayo ni Kalaupapa, na majabali yake tumeyajenga sisi wenyewe. Yatupasa tumwendee, tuketi naye, na kesho yake tumrudie.