Deni Walilolibeba Wawili

Deni la mume halikai mfukoni mwake peke yake. Ni la nyumba nzima. Samuel Clemens, mwandishi wa Marekani aliyejulikana kama Mark Twain, alizaliwa mwaka 1835, akamwoa Olivia Langdon mwaka 1870. Vitabu vyake vilimletea fedha nyingi, lakini alizimwaga katika mtambo wa kupanga herufi za chapa ambao haukufaulu. Mwaka 1891 walifunga nyumba yao kubwa ya Hartford, wakahamia Ulaya kupunguza gharama. Mwaka 1894 kampuni yake ya kuchapisha vitabu ikafilisika.

Angeweza kulipa sehemu tu na kuachiliwa. Olivia alikataa, alitaka kila mdai alipwe yote. Rafiki yao tajiri, Henry Rogers, alisimamia fedha zao, na Twain akakubali kuongozwa. Julai 1895, akikaribia miaka 60, alianza safari ya mwaka mzima ya kutoa hotuba Australia, New Zealand, India na Afrika Kusini. Olivia alifuatana naye. Agosti 1896 binti yao Susy alifariki wazazi wote wawili wakiwa mbali. Hata katika msiba huo hawakuacha kulipa. Mwaka 1898 deni lilikwisha.

Je, kila mmoja wenu anajua deni la mwenzake? Yaandikeni yote katika daftari moja, hata lile la dukani. Kubalianeni lipi litangulie, na mmoja asikope kwa siri. Dawa ya deni ni kulipa.